Waya Usiovunjika

Jumatatu, 3 Machi

Spika imekufa! Si yenyewe — waya wake. Baba mkwe amegonga sakafu kwa fimbo asubuhi nzima, nami nikadhani ni mtu mlangoni. Nikaacha pindo la pazia la mteja likining'inia kwenye cherehani, nikakimbilia sebuleni. Kwenye TV mtangazaji anafungua na kufunga mdomo kama samaki. Baba ameinama mbele, sikio nusura liingie kwenye kioo.

"Wamemkata ulimi huyu?"

Nikafungulia sauti ya TV yenyewe. Hiyo ni sauti ya mbu ndani ya kopo, na Baba hasikii mbu. Masikio yake yanataka ile spika ndefu iliyo kando ya kiti chake, ambayo mume wangu alipewa ofisini kwao walipohama jengo. Kifaa cha kuvaa sikioni hataki kusikia habari zake. Anasema masikio yake mazima, ni watangazaji wa siku hizi wanaomung'unya.

Sasa spika ile na TV yetu vinaelewana kwa tundu moja tu, lile dogo la mraba linalotoa mwanga mwekundu. Kebo ya optiki. Sauti inasafiri ikiwa mwanga! Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani natengenezewa mzaha.

Nimechomoa upande wa spika, nikachungulia. Giza. Nikaufuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya kabati, na hapo nikaona yote. Mhasibu — ndiye mume wangu, kazi yake ndiyo jina lake humu ndani, hata anapokosea hesabu — jana "alipanga waya". Ameukunja pale konani mkunjo mkali, kama wa suruali iliyopigwa pasi, kisha akaufunga kwa kamba yangu ya mapazia. Fundo la kuzuia ng'ombe!

Waya wa umeme ungevumilia. Huu ndani una uzi wa plastiki angavu, mwembamba kama mshipi wa kuvulia. Ukiukunja hivyo unakatika ndani kwa ndani, nje hauonyeshi hata mkwaruzo.

Amerudi jioni, nimempeleka nyuma ya kabati. Ametazama. Akasema mbona pamependeza.

Jumanne, 4 Machi

Wifi kapiga simu! Dada yake Mhasibu, binti pekee wa Baba. Kasema nijitenge. Nimejifungia bafuni, nikafungulia maji.

Jumamosi ya wiki ijayo anasoma habari za saa moja. Habari zenyewe, kwenye TV! Msomaji wao anakwenda likizo ya uzazi. Nimepiga yowe, nikajiziba mdomo kwa taulo.

Anataka jambo moja tu. Nisimwambie Baba. Nimuwashie TV, sauti iwe kamili, nikae kimya. Anataka Baba amsikilize kwanza kama mtu baki. Jina lake atalitaja mwishoni, baada ya hali ya hewa. Ameshaomba ruhusa.

Namwelewa. Baba alisoma habari redioni karibu umri wake wote, kazini wakimwita Radi. Wifi aliposema anataka kazi hiyohiyo, Baba alimkalisha mezani, akampa ukurasa wa gazeti asome, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ana sauti ya kengele ya baiskeli. Mbele ya wageni! Tangu siku hiyo wanasalimiana kupitia kwangu. Mimi ndiye posta.

"Mwambie Baba sijambo."

"Mwambie sijauliza."

Halafu kesho yake, Baba huyohuyo: "Hajapiga?"

Na macho yake yana mtoto wa jicho, kwenye kioo haoni ila ukungu wenye rangi. Sura ya bintiye hataijua. Atakachopata ni sauti tu. Na sauti ndiyo hiyo haipo!

Mhasibu sijamwambia. Siri kwake ni chai ya moto mdomoni.

Jumatano, 5 Machi

Mhasibu kaja na jibu: waya wa nini, dunia imeendelea. Ameunganisha TV na spika hewani, bila waya. Dakika chache tu na ikaimba! Akatembea sebuleni mikono mgongoni, kama aliyejenga daraja.

Habari za mchana zikaanza. Waziri wa maji ametembelea matangi, akawaambia wananchi kwamba serikali inafanya kila jitihada — NYANYUA GOTI! PUMUA! NJE! NDANI! TENA!

Ni mama wa mazoezi, ghorofa ya chini. Simu yake imejiunga na spika yetu.

Baba amenyanyua goti. Naapa. Alipoelezwa, alisema huyo ndiye waziri wa kwanza aliyemwelewa tangu astaafu.

Mhasibu ameshuka kwenda kulalamika. Amerudi na ratiba ya mazoezi. Jumatatu na Jumatano.

Tumezima.

Alhamisi, 6 Machi

Nimenunua waya kwenye kibanda cha chaja na vioo vya simu, ule wa kwanza alionionyesha muuzaji. Mwembamba kama kamba ya kiatu cha mtoto. Nikauingiza, mwanga mwekundu, sauti! Baba akamsikiliza msomaji mmoja, akasema huyu anasoma kama anafukuzwa na mbwa. Nikajua nyumba imerudi kawaida.

Haikufika alasiri. Mteja wa mapazia ya hoteli kaleta kitambaa, jora zima, na mimi kwa uvivu wa kuita mtu nikaliburuta sakafuni. Lilinasa. Nikadhani ni zulia, nikavuta kwa nguvu. Tap!

Kichwa cha waya kimebaki ndani ya spika; nimekichokoa kwa ncha ya mkasi. Waya wenyewe nimeuburuta mpaka kwenye cherehani kama mkia.

Mhasibu alitabasamu tu. Heri angesema.

Ijumaa, 7 Machi

Nyumba kimya. Kutwa Baba amekaa mbele ya ule ukungu wake, fimbo kati ya magoti. Mchana kaniuliza kama mvua itanyesha, nikasema sijui. Akasema zamani yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia watu.

Halafu, nikiwa napima lesi ya dirisha, nikasikia ile sauti. Ile ya Radi. Nzito, ukuta unatetemeka.

"Hizi ni habari za nyumbani. Mshonaji mashuhuri wa mapazia, leo asubuhi, amegombana na mkasi wake. Chanzo cha ugomvi hakijajulikana. Jikoni, sufuria imeungua, na wahusika, mpaka tunakwenda mitamboni, wamekanusha."

Sufuria! Nikatoka mbio. Ni kweli, ilikuwa inaungua.

Nimecheka mpaka machozi. Kisha machozi yakaendelea bila kicheko. Mtu huyu anajua kusoma koma. Kila koma unaisikia imekaa mahali pake. Na Wifi atasoma Jumamosi ya wiki ijayo na baba yake atakuwa anatazama ukungu unaofungua mdomo.

Kesho naenda mjini. Nataka waya usiovunjika. Hata tembo akiupanda!

Jumamosi, 8 Machi

Duka lina jina lake kwenye ubao, lakini muuzaji kila sentensi anaifunga kwa "uhakika!", basi kwangu ni duka la Uhakika.

Nimekwenda nimejiandaa. Nimepima kwa futi yangu ya kushonea, kutoka tundu la TV, nyuma ya kabati, kandokando ya ukuta, mpaka kwenye spika. Mhasibu akataka tuchukue mrefu zaidi, wa akiba. Nikamwambia akiba ndiyo iliyotuua, maana kila kinachobaki atakikunja na kukifunga fundo.

Uhakika akaanza na wenye vichwa vya rangi ya dhahabu.

"Huu mama, dhahabu, sauti inakuwa tamu zaidi. Uhakika!"

"Si mwanga ndio unaopita humo?"

"Mwanga, ndiyo."

"Unapita kwenye dhahabu?"

"Unapita katikati."

"Sasa dhahabu inafanya kazi gani?"

Akafikiri. Akaugeuza kidogo kwenye taa.

"Inapendeza."

Nimempenda kwa hilo. Mhasibu alikuwa ameshatoa pochi.

Nikamweleza shida zetu. Kukunjwa, kuburutwa, fimbo ya mzee. Akatoa wa pili: koti la mpira, laini, unapinda polepole bila kufanya mkunjo. Na shingoni, pale waya unapoingia kichwani, una kipande cha mpira chenye mapingili kinachozuia usipinde ghafla. Nikauchomeka kwenye spika ya dukani. Tik! Kichwa hakichezi. Huu unatosha kabisa kwa TV ya nyumbani, alisema.

Ningechukua huo. Nilikuwa nimeshaushika! Lakini nyuma yake, kwenye kabati la kioo, nikaona wa tatu.

Mnene kama kidole changu. Umevishwa uzi uliosukwa, mweusi na kijivu, msuko umebana hivi, hata sindano ya ngozi haipenyi. Vichwa vya chuma. Nikaupitisha mkononi kama napima kitambaa cha bibi harusi. Sijawahi kuona msuko kama ule kwenye kitu kisichovaliwa.

Uhakika akasema, huo mama ni mzito kidogo kwa TV. Sikumsikia. Yaani nilisikia, lakini vidole vilikuwa na maoni yao.

"Una garantii?"

"Ya maisha. Uhakika!"

"Maisha ya nani?"

"Ya waya."

Mhasibu kaniambia njiani hiyo maana yake ukifa, garantii imekwisha. Nikamwambia huu haufi.

Jumapili, 9 Machi

Hautoi sauti! Hata kidogo!

Nimechomeka, nimechomoa. Nimebadilisha ncha. Mhasibu ameingia kwenye mipangilio ya TV na rimoti, akatoka na TV inayozungumza nasi kwa lugha ya watu tusiowajua. Imechukua nusu ya asubuhi kuirudisha kwenye Kiswahili. Nikampigia Uhakika nyumbani kwake, siku ya mapumziko, nikamwambia maneno. Watoto wanasikika nyuma. Akasema kwa upole, mama, umetoa vile vikofia?

Vikofia gani?

Kwenye kila ncha ya waya kuna kikofia cha plastiki, angavu, kidogo kama punje ya mahindi, cha kuzuia vumbi. Kwa jinsi kilivyo angavu huwezi kukiona mpaka uambiwe. Tulikuwa tunasukuma waya ndani ya TV na kofia yake kichwani.

Nimeomba radhi. Akasema watu wote. Uhakika.

Sauti imerudi! Kamili, nzito, kila herufi! Baba ameketi wima. Kasikiliza habari zote mpaka michezo, ambayo huichukia. Huyu wa kiume, kasema, ameyala maneno, katuachia mifupa. Huyu wa kike anapumua katikati ya jina la mtu, kama aliyeliona leo. Alikuwa na furaha kweli.

Jumatano, 12 Machi

Waya ni imara, sina la kusema. Baba ameukanyaga. Mhasibu ameupitishia kiti. Nimepitisha jora juu yake kwa makusudi, nikautazama, wala haukushtuka. Najisikia kama niliyeolewa vizuri.

Jioni nikamwambia Baba, Wifi anakusalimu. Akaendelea kutafuta kiatu. Nikadhani hakusikia, nikavuta pumzi niseme kwa nguvu.

"Nimesikia. Bado anakunywa maji ya baridi?"

"Sijui, Baba."

"Mwambie aache. Yanaharibu koo."

Nikamfikishia. Wifi akaniuliza kama Baba alisema kwa hasira. Nikamwambia alisema huku akitafuta kiatu. Akakata simu. Baadaye akaandika: nimeacha tangu mwaka juzi.

Ijumaa, 14 Machi

Ole wangu.

Asubuhi sauti inakuja, inakwenda. Inakuja, inakwenda. Nikaenda moja kwa moja kwenye waya, nikaupapasa wote. Mzima. Ncha ya spika, mwanga mwekundu unapepesa. Nikazunguka nyuma ya TV na tochi.

Waya haujavunjika. Kilichovunjika ni TV!

Uzito. Siku zote hizi ule msuko wangu na vile vichwa vya chuma vimekuwa vikining'inia kwenye tundu la plastiki jembamba, vikivuta kuelekea chini. Tundu limepasuka mdomo. Kichwa kinalegea, kinainama, mwanga unapiga pembeni. Ukikiinua kwa kidole, sauti. Ukiacha, kimya.

Nikampigia Uhakika. Kabla sijamaliza akasema waya ule hauvunjiki. Nikasema najua. Umeivunja TV. Akasema, kwa sauti ndogo, nilisema mzito kidogo.

Alisema.

Nikampigia fundi wa TV. Yuko safarini, anarudi Jumatatu. Nikamwambia ni dharura, akauliza nani anaumwa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimejaribu utepe wa gundi; joto la TV linaulegeza. Kibanio cha nguo kinashika vizuri, halafu polepole kinainama kama mtu aliyesinzia kwenye mkutano. Mhasibu ameleta sponji ya vyombo aikandamize chini yake, mbichi! Nimemfukuza. Waya mwembamba mpya kutoka kibandani nao hautulii, tundu sasa limepanuka. Kinachofaa ni mkono wangu peke yake. Kidole gumba chini, cha shahada juu, sukuma kidogo kushoto.

Kwa hiyo niko hapa. Nimekaa kwenye stuli nyuma ya TV, uso ukutani, mkono wa kushoto umezama kwenye vumbi la kabati, daftari gotini. Matangazo ya sabuni yanapita. Naandika ili nisipige yowe.

Mhasibu nimemwambia mchana huu, maana asingeelewa kwa nini mkewe anakaa nyuma ya TV. Nilijuta kabla sijafika mwisho wa sentensi. Tangu hapo anazungukazunguka na mto wa kochi, kila akitaka kusema kitu anajiziba nao. Baba kamuuliza kama ana jino bovu.

Wifi kaandika: naingia studio, Baba yuko? Nimejibu kwa kidole kimoja: yuko.

Muziki wa habari! 

Anaanza.

Yeye huyo. Mungu wangu, ni yeye! Anazungumza kana kwamba anamweleza mtu mmoja aliyeketi karibu. Mhasibu namwona kwa pembe ya jicho — mto mdomoni, macho yamemtoka. Nimemrushia ndara.

Baba kimya. Kwa kawaida sentensi ya kwanza tu ameshamvua mtu nguo. Sentensi ya pili. Daraja limefunguliwa, rais wa huko kakata utepe. Bado kimya. Amekohoa. Nikajiandaa.

"We," kamwambia Mhasibu, "unapumua kwa kelele."

Basi.

Jina la kigeni linakuja, refu kama treni. Kalivuka! Na Baba — nimesikia vizuri, niko hatua chache tu — Baba kasema, taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa msomaji yeyote: "Hapo. Sasa vuta pumzi."

Na Wifi, huko aliko, akavuta pumzi.

Mkono unakufa ganzi. Nimejaribu kubadilisha ki

Imekatika! Nilihamisha kidole kidogo tu! Fimbo ikapiga sakafu, kiti kikakwaruza, na Baba kapaza sauti ya Radi, vyombo vikalia kabatini:

"Rudisha mwanangu!"

Nimesukuma. Imerudi. Anasoma habari za soko la mazao, hajui kama alipotea.

Mimi pia huniita mwanangu. Rudisha, mwanangu — yaani mkwe wake, mimi, nirudishe sauti. Au anataka arudishiwe binti yake. Nimelirudia kichwani, nalirudia tena. Sikusikia koma. Na Baba hata akiagiza chai koma zote huziweka.

Mhasibu ameshusha mto. Haniangalii mimi, anamwangalia Baba, na sura yake sijui niisome vipi. Nimemuuliza kwa midomo, ana nini? Anakandamiza mto kifuani.

Hali ya hewa inaanza. Baada ya hapo ni jina. Nataka kumwona Baba uso, mara moja tu. Lakini siwezi kugeuka. Nikigeuka, anapotea.